Mama, kabla ya kikao cha Jumapili

Minneapolis, 12 Novemba 2024

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Baba naye shikamoo, maana najua amekaa hapo pembeni anasikiliza wakati dada anakusomea. Bibi mfikishieni salamu zake peke yake, msimchanganye na wengine. Mimi huku sijambo, alhamdulillahi. Nakula, nalala, baridi imeanza lakini koti ninalo.

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti, ule mrefu, mpaka pale unaponong'ona ili Mjomba asisikie. Nimeelewa yote. Kwamba Jumapili kuna kikao, kwamba Mjomba anasema ukoo ulichanga mtoto aende akawe daktari na sasa mtoto anasoma kompyuta na kuandika insha, na kwamba lile la SEVIS, ile ada ya Marekani kwa mwanafunzi wa kigeni, limetajwa tena. Mama, hayo mengine nayavumilia, hilo la SEVIS limeniuma. Dola 350 alizotoa Mjomba sijazisahau, kama nisivyozisahau zile 185 za viza alizotoa Baba baada ya kuuza pikipiki. Tofauti ni kwamba Baba hajawahi kuzitaja. Mjomba anazitaja harusini, anazitaja msibani, na safari hii kazitaja mbele ya wakwe wa dada. Sitaki kumrudishia kama mtu anayelipa deni, kwa sababu ni kaka yako wa tumbo moja na mimi ni mwanawe. Ninachotaka ni asikilize kwanza ndiyo ahukumu. Kwa hiyo naomba barua hii isomwe kikaoni yote, isirukwe.

Kwanza la udaktari. Huku hakuna mwaka wa kwanza wa udaktari. Kijana wa kwetu akitoka kidato cha sita na PCB yake, yaani fizikia, kemia na biolojia, akapata nafasi Muhimbili, anaingia darasani moja kwa moja: miaka mitano, na mmoja wa mafunzo kazini, amekuwa daktari. Marekani mtu anasoma kwanza shahada ya miaka minne, ya fani yoyote anayoitaka, hata muziki, ilimradi ndani yake apite kwenye biolojia, kemia na fizikia pamoja na maabara zake. Halafu anafanya mtihani unaoitwa MCAT. Akifaulu ndipo anaomba chuo cha udaktari, miaka minne mingine. Na vyuo vingi vya udaktari huku havipokei kabisa maombi ya mgeni asiye na ukaazi wa kudumu. Ufadhili wangu mimi unaishia shahada ya kwanza. Hiyo minne ya juu italipwa na nani? Mjomba auze shamba la Muheza na michungwa yake yote, bado haitafika, na nasema hivi nikiwa nimeziona ada zenyewe.

Kwa hiyo hata ningekuwa naota udaktari usiku na mchana, mwaka huu ningekuwa nasoma haya haya ya shahada ya kwanza kama wenzangu.

Sasa jinsi masomo yanavyochaguliwa, maana naona hapo ndipo watu wanaposema nacheza. Huko kwetu ukishapata kozi yako chuoni, masomo ya mwaka wa kwanza unayakuta yamepangwa. Hapa shahada ni krediti 120, na mwanafunzi mwenyewe anazitafuta katika orodha ya mamia ya masomo, kama 15 kwa muhula. Mwenye viza yangu haruhusiwi kushuka chini ya 12. Fani yenyewe unaruhusiwa kuitangaza hadi mwisho wa mwaka wa pili. Lile la viza kufutwa nikibadilisha fani halipo, Baba alale usingizi: ofisi ya wanafunzi wa kigeni inaandika fani mpya kwenye I-20, ile hati yangu ya kusomea huku, na mambo yanaendelea.

Nilipofika, mshauri wa masomo aliangalia cheti changu akaniambia nianze na hesabu za chini, kwa kuwa PCB hatukusoma Advanced, zile hesabu za juu, tulisoma BAM, hesabu za msingi. Alisema kwa upole, lakini nilimwona kabisa kwamba divisheni wani ya pointi 5 haimwambii kitu. Nikamwomba mtihani wa kupimwa. Nikaufanya, nikapangiwa kalkulasi ya kwanza pamoja na watoto waliosoma shule zenye kila kitu. Jaribio la mwisho nimepata 94. Mwambie mwalimu wangu wa hesabu pale sekondari, ukikutana naye sokoni, BAM yake imefika Marekani na imesimama.

Kwenye kompyuta ilikuwa hivyo hivyo. Kuna masomo matatu ya kuanzia programu, na majina yake yanakaribiana sana, mtu asipouliza anapotea. La kwanza ni la watu wa fani nyingine wanaotaka kuonja tu, na krediti zake hazihesabiwi kwenye shahada ya kompyuta. La pili ndilo linalokupeleka mbele, linafundishwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu. La tatu ni la waliokwisha kusoma programu sekondari. Wamarekani wengi wanakuja wameshafanya mtihani wa Java, lugha nyingine ya programu, wakiwa shule. Mshauri akanielekeza kwenye la kwanza, akasema litanifaa kwa kuwa sijawahi kuandika programu. Nikamuuliza swali moja: nikilipenda, litanifikisha somo linalofuata? Akasema hapana, itabidi nianze upya. Nikachukua la pili.

Mama, nimelipenda kuliko nilivyotegemea kupenda kitu chochote. Darasa ni kubwa, watu kama mia mbili kwenye ukumbi, lakini mara moja kwa wiki tunagawanywa vikundi vidogo vya maabara, na hapo ndipo kazi inapofanyika. Kazi za nyumbani unazituma kwa mtandao na programu nyingine inazisahihisha. Inaingiza mifano yake, jibu likipishana hata kwa nukta moja, unakosa.

Wiki ya tatu ya Oktoba tuliambiwa kila mtu atengeneze kitu kitakachomsaidia mtu anayemfahamu. Mimi nikatengeneza daftari la VICOBA yenu. Unaingiza majina, unaingiza hisa za kila mmoja, yenyewe inatoa gawio la mwisho wa mwaka. Nikakumbuka ule ugomvi wenu wa mwaka juzi, zile hela zilizobaki sandukuni ambazo kila mtu alizihesabu kivyake. Chanzo ni kule kugawanya kwa desimali halafu kila mtu anakatia anapotaka. Hata kompyuta desimali zinaisumbua: ukiiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2 inakupa 0.30000000000000004, kwa sababu ndani yake inahesabu kwa mbili mbili, na moja ya kumi haina mwisho kwa hesabu hiyo. Ndiyo maana nimeitaka ihesabu kwa shilingi kamili. Chukua mfuko wa shilingi 4,350,000 na hisa 412: inakwambia kila hisa 10,558, na zinazobaki ni 104, na inaandika kabisa kwamba zibaki sandukuni kwa mwaka unaofuata. Hakuna wa kubishana.

Mwalimu aliionyesha kwenye skrini mbele ya ukumbi mzima. Akaniita nisimame nieleze VICOBA ni nini, nikasimama, nikaeleza akina mama wa Ngamiani wanavyokaa kwenye mkeka kila Jumamosi na sanduku la funguo tatu na watunza funguo watatu. Watu wakanipigia makofi. Baadaye mwalimu akaniambia muhula ujao niombe kuwa msaidizi wa maabara. Hiyo ni kazi ya kulipwa, hapo hapo chuoni, ndani ya saa 20 kwa wiki tunazoruhusiwa wageni. Nikiipata nitaacha ile ya jikoni ya bweni.

Mjomba katoa mfano wa yule kijana wa barabara ya nane, mwenye diploma ya kompyuta anayeuza vocha. Sina neno baya kwa kijana yule, anajitafutia. Lakini mtaani kwetu tunawajua pia madaktari waliomaliza na bado wanasubiri ajira. Na mambo haya mawili hayako mbali kama anavyodhani. Vinasaba vya mtu mmoja ni herufi kama bilioni 3. Hakuna daktari anayeweza kuzipitia kwa macho. Zinasomwa kwa programu, na anayeiandika programu hiyo lazima ajue biolojia. Biolojia nimeichukua muhula huu na muhula ujao naendelea nayo. Pamoja nayo nachukua kalkulasi ya pili, programu ya pili ambayo sasa ni kwa Java, na historia ya Bahari ya Hindi. Krediti 16.

Na hilo la insha halikuwa hiari yangu, ni somo la lazima kwa kila mwaka wa kwanza. Mimi niliandika kuhusu mkonge. Kwamba asili yake ni Mexico, ukapelekwa Florida, na Mjerumani Richard Hindorf akauleta Pangani mwaka 1893, na katika miche elfu moja ni 62 tu iliyofika hai. Nikamwandika na Babu, mikono yake, alivyokuwa akirudi kutoka shambani na miiba vidoleni na Bibi anaitoa kwa sindano. Mwalimu kanipa A na kaniomba nakala. Mwambie Bibi jina lake limo.

Tangu warudishe saa nyuma tarehe 3, tofauti yetu imekuwa saa tisa, si nane tena. Ukinipigia baada ya Alfajiri, saa kumi na moja yenu, huku ni saa mbili usiku, ndiyo wakati mzuri. Jua linatua kabla ya saa kumi na moja jioni, na hapo ndipo ninapowakumbuka sana. Siku ikinizidi naenda mtaa wa Cedar-Riverside kwa Wasomali. Yupo mama mmoja pale, mzaliwa wa Kismayo, aliyekaa Mombasa miaka mingi. Ananiita mwanangu, ananiwekea sambusa ya moto na kuniuliza habari za Tanga kana kwamba aliondoka jana. Wiki iliyopita alinipa chai ya maziwa yenye iliki, nikanywa nikalia. Usihuzunike, ilikuwa mara moja tu.

Sasa la mabati. Nimetuma dola 150, zitaingia kwenye simu ya dada kesho au keshokutwa. Za mabati tu, Mama. Mwambie kaka asizielekeze kwenye kuchimba msingi wa kibanda chake, nimesikia. Zikipungua, Januari nitaongeza, na ada ya kitinda mimba wetu kidato cha tano niachieni mimi, asitafutwe mtu mwingine.

Dirisha langu la kujisajili linafunguliwa keshokutwa, Alhamisi, saa mbili asubuhi, na somo la Java linajaa upesi. Kikao kitakapokaa Jumapili nitakuwa nimeshajisajili. Sifanyi hivi kwa kumdharau Mjomba, na naomba Baba ndiye amwambie, kwa sababu kwa Baba huwa anasikia. Lakini Baba akiwa na neno lake mwenyewe, tofauti na la Mjomba, anipigie kabla ya Alhamisi. Simu nitaiweka karibu hata nikilala.

Mwanao wa pili