Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Utunzaji wa Taka Hatari kwa Mgeni Rasmi, Port Reitz, Mombasa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakuu wa idara mbalimbali, mameneja wa kampuni, wakufunzi wetu, wazee wa mitaa ya Port Reitz, Chaani na Magongo, wenzetu wa karakana, wa usafi na wa mizigo: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote.

Tumefurahi mno kukuona kati yetu leo. Sisi tuliosimama mbele yako ni makanika, wapaka rangi, madereva wa matrekta ya kukokota ndege, waosha magari ya kukodisha na wasafishaji wa kampuni zinazofanya kazi ndani na kandokando ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Tumehitimu mafunzo ya kutunza taka hatari, na tumeona tukueleze waziwazi tunachokijua na tunachokihitaji, maana sauti yako inafika ambako yetu haifiki.

Mheshimiwa, mtu akisikia taka za uwanja wa ndege, fikira humwendea kwenye vikombe na mabaki ya chakula cha abiria. Hizo zina utaratibu wake. Zinazotutia hofu ni zile ambazo abiria hazioni: oili iliyotolewa kwenye injini, mafuta ya haidroliki, thina na dawa za kubabua rangi, vichujio vya mafuta, betri za asidi za matrekta, betri za nikeli na kadimiamu za ndege, mirija ya taa yenye zebaki, na matambara yaliyolowa haya yote. Baadhi ya matambara hayo, hasa yenye rangi za mafuta, yakirundikwa pembeni yanaweza kupata joto na kuwaka yenyewe, bila kiberiti wala cheche.

Kabla ndege ndogo haijaruka, rubani au fundi hutoa mafuta kidogo chini ya tangi na kuyatazama katika chombo kiangavu, ayaone kama yana maji au uchafu. Kipimo hicho kinaokoa roho za watu na hakifai kuachwa hata siku moja. Lakini mafuta hayo yakishatazamwa yanakwenda wapi? Mazoea ya miaka mingi, katika viwanja vya nchi nyingi, yalikuwa kuyamwaga palepale chini. Na ndege nyingi za injini za pistoni hutumia petroli ya ndege iitwayo avgas 100LL, ambayo mpaka leo ina risasi, yaani ile metali yenye sumu.

Sisi wa Mombasa risasi tunaijua. Owino Uhuru haiko mbali na hapa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ubavuni mwa kijiji kile kuanzia 2007 hadi 2014, na watoto wakapatikana na sumu damuni. Mama Phyllis Omido alisimama na wanakijiji wale, akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Fidia hairudishi ubongo wa mtoto ulioharibika. Ndiyo maana tunasema betri moja ikitoka getini mwetu bila karatasi, si jambo dogo.

Mheshimiwa, ukisahau yote tutakayosema leo, tafadhali usisahau mtungi. Tunasema mtungi wa plastiki wa lita 20, ulioingia karakana na dawa ya kuondoa grisi. Dawa ikiisha, mtungi bado ni mzima, plastiki yake nene, kifuniko kinakaza vizuri. Nje ya geti una bei. Katika mji ambao mfereji hukaa mkavu na watu wakategemea maji ya mkokoteni, mtungi imara haukosi mnunuzi. Lebo itabanduliwa, utasuuzwa kwa sabuni na mchanga, harufu itapungua. Lakini plastiki hunywa kemikali, na kusuuza hakuitoi yote. Mama atakayeununua Chaani au mtaa wetu wa Bangladesh atautekea maji ya kupikia uji, wala hana njia ya kujua ulibeba nini. Hatumlaumu kibarua aliyepewa ule mtungi kama bakshishi baada ya kutwa nzima ya kazi; yeye ameona amesaidiwa. Wajibu ni wa sisi tulio ndani ya geti, tunaojua kilichokuwamo.

Kwa hiyo tumefundishwa, na tumekubaliana, kwamba mtungi wa kemikali hautoki ukiwa mzima. Unamiminwa hadi tone la mwisho, unatobolewa chini na ubavuni, kisha unahesabiwa pamoja na taka nyingine hatari. Kutoboa kwenyewe kuna adabu yake: si kwa msumari uliotiwa moto wala kwa grainda, kwani mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka.

Oili chafu nayo ina safari kama hiyo. Hutoka kwa vidumu, ikapakwa boriti kuzuia mchwa au ikamwagwa uani kutuliza vumbi. Lita moja inaweza kuharibu maji lita milioni moja, na mvua za masika zikishuka, maji ya upande huu huteremkia kwenye hori ya Port Reitz, penye mikoko na wavuvi wetu. Ikiwekwa peke yake katika pipa lenye kifuniko, juu ya sakafu ya saruji iliyozungushiwa ukingo, oili hiyo hupata mchukuzi mwenye leseni na ikatumika tena. Mtu mmoja akimimina thina humo kwa haraka zake, pipa zima limeharibika na gharama ya kuliondoa imepanda.

Sheria tunazo. Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 zinataka chombo cha taka hatari kiwe na lebo ya Kiingereza na ya Kiswahili pia, na taka isafirishwe na aliyepewa leseni na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikiandamana na hati ya kuifuatilia hadi inakofika. Mapipa mengi tuliyoyaona yana Kiingereza kitupu, ilhali anayeyasukuma alfajiri ni msafishaji ambaye hakuulizwa kama anaelewa. Tunaomba lebo hizo ziandikwe kama sheria inavyosema, na glavu zitolewe kwa vibarua pia, si kwa walioajiriwa pekee.

Ombi letu kubwa ni ghala moja la pamoja. Kampuni kubwa hujaza mapipa na kuita lori. Mwenye magari matano ya kukodisha, au karakana ya ndege mbili, ana nusu pipa kwa miezi kadhaa, na lori haliji kwa nusu pipa. Huyo ndiye anayeshawishika kumpa kibarua kidumu usiku. Likipatikana banda lenye sakafu nzuri, mizani na karani mmoja wa kuandika, kila mmoja ataleta kidogo chake na kuchangia gharama kwa kilo zake. Ardhi na ruhusa ndizo hatuna, Mheshimiwa, na hayo yako karibu na mkono wako.

Baada ya vyeti tunakuomba ufuatane nasi hapo nje. Tumepanga mapipa yenye lebo za lugha zote mbili, na mitungi iliyokwisha kumiminwa iko tayari. Wa kwanza tunaomba uutoboe wewe.

Karibu sana.

Ni sisi wahitimu.