Mchuzi wa kanga usiotiwa mvinyo

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara mbili. Kanga ulimwoka vizuri, ngozi imekauka na nyama haikukakamaa, ila mchuzi ukarudishwa jikoni kwa kuwa ulikuwa mtamu kama jamu. Kitabu chenu kinataka mvinyo wa porto na jeli ya redikaranti, stoo hakuna hata kimoja, ukatia jamu ya stroberi kwa sababu ni nyekundu. Hapo ndipo ulipoteleza, mama. Ulitafuta rangi, hukuangalia kazi ya ile jeli mchuzini.

Redikaranti ni tunda dogo la Ulaya, chachu sana, na hata likipikwa na sukari uchachu wake haufi. Waingereza hulitia kwenye sosi ya Cumberland pamoja na porto, chungwa, limau na haradali, wakalia nyama ya porini. Kanga na kwale hawana mafuta mengi na ladha yao ni nzito kuliko ya kuku, ndiyo maana wanahitaji kitu cha kuichangamsha. Badala ya jeli hiyo, hapo Moshi nenda sokoni ukanunue choya, yale maua mekundu machachu tunayopikia juisi nyumbani. Chemsha kiganja kimoja cha choya kavu kwa vikombe 2 vya maji, chuja, kisha tia sukari kidogo kidogo huku unaonja, na uache ipungue mpaka ishike mgongo wa kijiko. Acha kuongeza sukari ulimi ukiwa bado unasisimka.

Badala ya mvinyo, tia ukwaju. Asidi iliyomo kwenye ukwaju, inayoitwa tartariki, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye zabibu na mvinyo wenyewe. Siki inapanda puani na kukaa juu ya mchuzi, lakini ukwaju unazama ndani. Mimi nilikuwa natia kijiko 1 cha ukwaju mzito kwenye kikombe cha supu ya mifupa ya kanga huyo huyo, na juisi ya zabibu kidogo. Mimina kwenye trei ingali ya moto, ukwangue kwa mwiko yale yaliyogandia chini. Utamu wote umelala pale, usikubali mtu aioshe trei kabla yako.

Beri za juniperi, kiungo ambacho Wazungu hutia kwenye nyama ya porini, zisikusumbue. Jani la rozimari na pilipili manga iliyopondwa vinatosha.

Kuhusu swali lako la kutia tui badala ya krimu, nitakuwa mkali kidogo. Tui nimekulia nalo, lakini likizidi linamfunika kanga, na mgeni anajikuta anakula nazi. Vijiko 2 vya tui zito, mwishoni, moto ukiwa mdogo ili lisikatike.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Nilipokuwa napika kwenye hoteli moja ya pwani, mgeni Mwislamu aliuliza kama mchuzi una mvinyo. Nilimwambia mhudumu ajibu kwamba pombe yote imeshapaa na mvuke. Mgeni akala, akashukuru. Baadaye nilikuja kujua kwamba mchuzi uliochemka dakika chache tu bado una pombe ndani yake, na yule mtu alikuwa ameshaondoka. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, maana aliniuliza kwa adabu nami nikamjibu nisichokijua. Tangu siku ile nilipika sufuria mbili, ya mvinyo na ya ukwaju, kila moja na mwiko wake, na mhudumu alijua ipi ni ipi. Mwishowe ya ukwaju ndiyo iliyokuwa ikiisha kwanza.

Kwa hiyo mbadala uandikwe kwenye menyu, mama: choya na ukwaju, kwa majina yao. Zungumza na mkuu wako wa jiko kabla ya Ijumaa. Ukishapika, niambie imeshika kijiko au bado ni maji.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama unapata usingizi.

Baba yako