Krismasi njema kutoka Malindi, na tuwakumbuke wenye mvi

Heri ya Krismasi jamaa zangu wote, mlio hapa Malindi na nyinyi mlioko njiani mnakuja, najua nauli imepanda na matatu zimejaa lakini njooni tu, kaskazi imeshika, maembe yako kila kona na watoto washaanza kuulizia nguo za sikukuu.

Mwaka huu nimekaa sana na ile Luka 2. Mwana wa Mungu anazaliwa, analazwa kwenye hori ya ng'ombe, hana kazi, hana mali, shingo yenyewe haijakaza, na malaika wanamwimbia. Hajafanya chochote bado! Kwa hivyo thamani ya mtu haingoji mpaka aanze kuleta kitu nyumbani, Mwanzo 1:27 ishasema tumeumbwa kwa mfano wa Mungu, basi.

Na sisi huku tuna kidonda. 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kule msitu wa Shakahola, hapa Kilifi, watoto wadogo wakiwemo, mochari ya hapa ikajaa mpaka yakaletwa makontena ya baridi. Hao watu waliamini wakifunga kula mpaka wafe watamwona Yesu, na hilo linaniuma zaidi msimu huu manake habari yenyewe ya Krismasi ni kwamba Yesu ndiye aliyetufuata, akaja na mwili unaosikia njaa, akanyonya kwa mamake kama mtoto yeyote. Mungu aliyenyonya hawezi kutaka mtoto anyimwe uji.

Halafu wazee wetu jamani. Hapa Kilifi kuna wazee wanapaka nywele piko, na si urembo, wanaficha mvi wasiitwe wachawi, na mara nyingi ukiuliza vizuri utakuta kinachotafutwa ni shamba. Wengine wameuawa na damu yao wenyewe. Sasa endelea kusoma hiyohiyo Luka 2, mtoto anapelekwa hekaluni, nani wanampokea? Simeoni, aliyekuwa anangoja tu amwone ndio aende zake kwa amani, anambeba mikononi, na Ana, mjane wa miaka 84. Mithali 16:31 inasema kichwa chenye mvi ni taji ya utukufu, sisi tumekifanya ushahidi wa uchawi.

Kwa hivyo naomba kitu kimoja, kabla pilau haijaisha sufuriani pakua sahani umpelekee nyanya au babu anayekaa peke yake, haswa yule anayesemwasemwa, kaa naye mkekani pale nje watu wawaone, mle pamoja, na watoto wako waende wamwamkie. Na ukisikia watu wanakaa vikao vya kumjadili mzee usinyamaze, mwambie chifu, mwambie padri ama mchungaji, na majirani zetu Waislamu tushikane nao kwa hili, hawa wazee ni wetu sote.

Salamu kwa mama zangu na baba zangu wa Ganda, Kakoneni, Gede mpaka Mambrui, Krismasi njema, na mwaka mpya Mungu awafikishe mkiwa wazima.