Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa mfuko wa utafiti: Amonia hiyo imetoka wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tangazo jipya la ruzuku za vichocheo vya kutengeneza amonia kwa umeme limetoka wiki hii, na sharti ulilotuahidi mwaka jana, la kila mtafiti kuthibitisha kwamba amonia yake imetoka kwenye naitrojeni aliyoiingiza na si kwenye uchafu, halimo. Tumelisoma mara mbili. Halimo.

Uzito wa kazi hii unaujua. Njia ya Haber-Bosch, ile ya viwandani ya kutengeneza amonia, hutaka joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi na mgandamizo unaozidi mara 100 ule wa hewa ya kawaida, na hidrojeni yake nyingi hutokana na gesi asilia, ndiyo maana inamwaga kaboni dioksidi nyingi angani. Kichocheo cha kuunganisha naitrojeni na maji bila joto hilo tunakihitaji kwelikweli.

Tatizo ni kwamba amonia imejaa kila mahali. Imo kwenye pumzi ya mtafiti, kwenye glavu, kwenye utando wa Nafion (plastiki inayotenganisha pande mbili za chombo cha jaribio) unaoinyonya leo na kuiachia kesho. Naitreti, yaani chumvi yenye naitrojeni, iliyosalia kwenye kichocheo nayo hugeuka amonia umeme ukipita. Mavuno yenyewe ni madogo mno, kiasi kwamba uchafu peke yake unayafikia. Kipimo cha indofenoli, kile cha kutambua amonia kwa rangi, kikigeuka buluu, rangi haisemi amonia imetoka wapi.

Sharti lenyewe ni hili. Jaribio lirudiwe kwa agoni, gesi isiyo na naitrojeni, kwa volti zilezile, saa zilezile. Kisha kwa naitrojeni bila umeme. Mwisho itumike naitrojeni-15, aina nzito kuliko naitrojeni-14 ya kawaida, tena isafishwe kwanza, maana mitungi yake huweza kuja na amonia na oksidi za naitrojeni. Kwenye NMR ya hidrojeni (kipimo cha sumaku kinachotambua molekuli), amonia ya naitrojeni-14 huonyesha vilele vitatu, ya naitrojeni-15 viwili. Hivyo viwili visipokua kadiri saa zinavyokwenda, kichocheo hakijatengeneza kitu. Utaratibu huu umechapishwa tangu 2019.

Huenda sharti liliondolewa kwa sababu gesi ya naitrojeni-15 ni ghali. Ni ghali, ndiyo. Lakini hutumika kwa kichocheo kilichokwisha kuvuka hatua ya agoni tu, na ikizungushwa ndani ya mfumo uliofungwa haipotei nje. Ghali zaidi ni mwanafunzi wa uzamivu kumaliza miaka mitatu akipima amonia ya glavu.

Tunaomba jambo moja, Mheshimiwa: sharti lirudishwe kabla maombi hayajafungwa. Lirudishwe, na gharama ya naitrojeni-15 iingizwe kwenye kila ruzuku.

Wako katika utafiti,
Wanakemia wa vichocheo