Risasi inayobana chemba isilazimishwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ushauri ambao huku Liwale nausikia ukirudiwa kila msimu wa uwindaji unapokaribia kufunguliwa mwezi Julai. Ushauri wenyewe unasema kwamba risasi iliyojazwa kwa mkono (mtu mwenyewe hutia baruti na kupachika kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, kwenye ganda ambalo mara nyingi limekwisha kupigwa) ikiingia kwa kubana katika chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi, basi imekaa imara na itapiga vizuri zaidi. Na kwamba bolti, yaani komeo la chuma linaloifunga chemba kwa nyuma, ikikataa kufunga, mwenye bunduki apake mafuta kidogo juu ya ganda, aisukume kwa kiganja, mambo yaishe. Nimefanya kazi ya ufundi silaha katika kambi za uwindaji za Mkoa wa Lindi tangu nikiwa kijana, na kwa heshima zote kwa wanaousema, ushauri huu ni wa hatari.

Mwindaji anayemfuata nyati aliyejeruhiwa ndani ya vichaka vya Matandu hana muda wa kushindana na bolti. Risasi ya kwanza pengine aliiweka chemba asubuhi kwa utulivu, kwa nguvu za mkono mzima, akaona imeingia; ya pili ndiyo itakayokwama, na hapo mnyama yuko hatua chache kutoka kwa mfuata nyayo, ambaye mara nyingi ni kijana wetu wa Liwale au Kilwa asiye na bunduki mkononi. Kwa hiyo hili si suala la wageni wanaokuja kuwinda peke yao.

Ganda la risasi hutengenezwa kwa shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa takriban sehemu 70 za shaba nyekundu na sehemu 30 za zinki, ambao una tabia ya kutanuka na kunywea. Baruti inapowaka, ganda hutanuka likajaza chemba yote na kuzuia gesi isirudi nyuma, kisha hunywea kidogo sana, kiasi cha kuweza kutolewa. Ndiyo maana ganda lililokwisha kupigwa hubeba umbo la chemba ya bunduki iliyolipiga, na likihamishiwa bunduki nyingine yenye chemba finyu zaidi huweza kukataa. Anayejaza risasi kwa mkono hulirudishia ganda umbo lake kwa kulishindilia ndani ya kalibu ya chuma, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Hudhani kwamba ganda likishaingia kalibu limepungua kila upande. Sivyo. Kalibu huanza kwa kubana kiwiliwili cha ganda, na shaba ikibanwa ubavuni hutafuta pa kwenda. Hupanda juu, kama unga unavyopanda mdomoni mwa mfuko ulioukamata katikati. Bega la ganda, pale linapopinda kuelekea shingoni, husogea mbele. Kalibu ikiwa imeteremshwa ipasavyo, dari yake hukutana na bega hilo na kulirudisha nyuma; ikiwa imeachwa juu kwa unene wa karatasi tu, ganda hutoka likiwa jembamba, lakini bega lake liko mbele kuliko lilivyokuwa kabla ya kushindiliwa. Mtu hushangaa kuona ganda chafu lililotoka bundukini linarudi chemba bila taabu, ilhali lile alilolisafisha na kulishindilia linagoma. Dawa yake ni kuteremsha kalibu kidogo kidogo, ganda likipimwa kila mara, mpaka bega lirudi nyuma kama milimita 0.05 kutoka lilipokuwa baada ya kupigwa. Kuzidisha nako kuna ubaya wake, kwani ganda linalorudishwa nyuma mno hunyooka upya kila linapopigwa, ukuta wake ukaendelea kuwa mwembamba karibu na kitako, hadi siku moja likakatika vipande viwili.

Miaka michache iliyopita mgeni mmoja alifika kambini na risasi 40 za bunduki kubwa aina ya .375 H&H alizozijaza mwenyewe kwao, na 11 kati yake zikakataa kufungwa. Mashirika ya ndege kwa kawaida humruhusu abiria kilo 5 tu za risasi, kwa hiyo hakuwa na akiba ya kutosha. Nilitoa kipini cha kufyatulia ndani ya bolti ili risasi isiweze kulipuka, nikaelekeza mtutu kwenye lundo la mchanga, kisha kwa kidole nikachukua masizi baridi ndani ya kioo cha taa ya chemli iliyozimwa tangu usiku na kuyapaka juu ya risasi moja. Niliiingiza taratibu bila kulazimisha, nikaitoa. Masizi yalikuwa yamefutika mduara mmoja mwembamba unaong'aa juu ya bega, na kwingine kote yalibaki meusi vilevile. Hadi dakika hiyo mgeni alikuwa akilaumu vumbi la safari.

Alama ya masizi ndiyo inayosema kosa liko wapi. Ikiwa mdomoni mwa shingo, ganda limerefuka kupita kiasi; kwa .375 H&H mwisho wake ni milimita 72.39, na hili si la kupuuzwa hata kidogo, kwa sababu shingo ndefu hujibana mwishoni mwa chemba ikakikaba kichwa cha risasi, na shinikizo la gesi likapanda kuliko bunduki ilivyotengenezwa kuhimili. Ikiwa mbele kidogo ya mkanda wa kitakoni, yaani ule ukingo ulionyanyuka kulizunguka ganda sehemu ya chini, ganda limevimba mahali ambapo kalibu nyingi hazifiki. Mikwaruzo ikiwa kwenye kichwa chenyewe, kichwa kimekaa mbele mno. Na ganda tupu likiingia vizuri, kisha likishajazwa likakataa, kosa lilitokea wakati wa kupachika kichwa, mara nyingi kwa kuubana mdomo wa ganda kupita kiasi hata bega likatutumka.

Mafuta hayaondoi lolote kati ya hayo. Ganda kavu hushika kuta za chemba wakati wa mlipuko na kupunguza msukumo unaorudi nyuma. Ganda lenye mafuta huteleza, na msukumo huo hubebwa na bolti, karibu kabisa na uso wa mpigaji. Niongeze la mikanda ya ngozi: risasi zikilala humo wiki kadhaa katika unyevu wetu huota kutu ya kijani, na kutu hiyo huweza kubanisha hata risasi iliyojazwa sawasawa. Zifutwe kwa kitambaa kikavu.

Silaha na risasi nchini zina sheria yake ya mwaka 2015, na barua hii si ya kumhimiza mtu kujaza risasi nyumbani. Ninachoomba ni kwamba waongozaji wa uwindaji wahakikishe risasi zote za wageni wao zinapitishwa chemba moja moja siku ya kufika, fundi akiwa amekwisha kutoa kipini, na zinazobana zitengwe, zihesabiwe na kufungiwa. Zile 11 nilizifunga katika bahasha, mgeni akarudi nazo kwao. Siku zake zote porini aliwinda kwa 29 zilizobaki.

Fundi silaha,
Liwale, Lindi