Aliyesema "Ni Kweli" Alikuwa Amekubali Nini?

Mhariri,

Mwandishi wa makala ya maoni mliyoichapisha wiki iliyopita analalamika kwamba mahakama za rufaa zinawaachia watu waliokwisha kukiri makosa yao, eti kwa sababu tu kumbukumbu za shauri hazionyeshi kama palikuwa na mkalimani, au kwa sababu mshtakiwa hakuwa na wakili. Mambo hayo anayaita mianya ya kisheria. Nimefanya kazi ya ukalimani mahakamani kwa miaka mingi, na naomba nafasi katika ukurasa huu nieleze kwa nini jambo analoliona dogo ndilo linaloiwezesha mahakama kujua nani katenda nini.

Nianze na tukio ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sehemu yake. Kijana mmoja, fundi wa redio, alipandishwa kizimbani kwa shtaka la kupokea mali ya wizi. Mashauri ya siku hiyo yalikuwa mengi, nami niliambiwa nimweleze kwa kifupi. Hati ya mashtaka ilisema kwamba alipokea redio "huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini" kuwa imeibwa, lakini katika kufupisha huko maneno hayo niliyaacha, nikamuuliza kama ni kweli alipokea redio iliyokuwa imeibwa. Akajibu, "Ni kweli." Hakimu akaandika. Ilikuwa imebaki hatua ya upande wa mashtaka kusoma maelezo ya kosa, na safari hii nilifasiri kila sentensi. Nilipofika mahali palipoelezwa kwamba alijua fika redio ile ni ya wizi, kijana alinyanyua mkono akasema, "Mheshimiwa, mimi nililetewa niitengeneze. Habari ya wizi nimeisikia polisi walipokuja kuichukua." Hakimu aliweka kalamu chini, akanitazama, kisha akaandika upya kwamba mshtakiwa amekana shtaka.

Kijana yule hakudanganya aliposema "ni kweli", wala hakugeuza kauli baadaye. Alijibu swali nililomuuliza, na swali nililomuuliza silo lililokuwa katika hati. Yale maneno machache niliyoyaacha ndiyo yanayomtenga fundi anayepokea kazi na mtu anayeficha mali ya wizi. Kama hakimu angepitisha adhabu papo hapo, kumbukumbu zingesomeka vizuri kabisa: shtaka limesomwa, mshtakiwa amekiri, ametiwa hatiani. Msomaji wa gazeti asingekuwa na sababu yoyote ya kushuku.

Utaratibu uliomwokoa haukuwa hisani ya hakimu yule. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, ilipanga hatua za kupokea jibu la mshtakiwa: asomewe na kufafanuliwa shtaka pamoja na viini vyote vya kosa, kadiri inavyowezekana katika lugha yake mwenyewe, au basi katika lugha anayoielewa, maneno anayojibu yaandikwe, akikiri, upande wa mashtaka ueleze jinsi kosa lilivyotendeka, naye apewe nafasi ya kuyapinga maelezo hayo au kuongeza neno, na endapo hayakubali, au akisema jambo linalotia shaka kukiri kwake, iandikwe kwamba amekana. Majaji walioyaandika hayo walijua kwamba kinywa kinaweza kutamka "ndiyo" huku akili haijui imekubali nini.

Mwandishi wenu anaona kukiri ndio ushahidi ulio bora kuliko wote. Mimi naona ndipo mahali penye hatari kubwa kuliko pote katika kesi ya jinai. Mtu anayekana shtaka analindwa na kanuni kwamba huhesabiwa hana hatia hadi upande wa mashtaka uthibitishe kosa pasipo kuacha shaka yoyote ya maana. Mashahidi wataitwa, watahojiwa, na mahali walipokosea patajulikana. Anayekiri anauondolea upande wa mashtaka mzigo huo wote kwa neno moja. Hakuna shahidi atakayeitwa baada yake, na milango ya rufaa nayo huwa myembamba zaidi kwake. Kosa lililofanyika katika neno hilo moja halina tena mtu wa kuligundua, isipokuwa jaji wa rufaa anayesoma kumbukumbu na kujiuliza lugha gani ilitumika. Jaji huyo ndiye anayelaumiwa katika makala yenu.

Haki hii imeandikwa pia katika sheria ya kimataifa. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, uliopitishwa mwaka 1966 na kuanza kutumika mwaka 1976, unataka katika ibara ya 14 kwamba mshtakiwa aelezwe shtaka upesi, kwa kina na katika lugha anayoielewa, na apewe mkalimani bila malipo ikiwa haielewi au haizungumzi lugha ya mahakama. Hilo la "bila malipo" liliwahi kubishaniwa. Nchini Ujerumani watu waliotiwa hatiani waliamriwa kulipia gharama za mkalimani, na mwaka 1978 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba bila malipo maana yake ni bila malipo, hata kwa aliyepatikana na hatia. La sivyo, mshtakiwa maskini angekataa mkalimani kwa kuogopa deni, akakaa kizimbani akitingisha kichwa.

Kuhusu wakili, nakumbusha habari ya Clarence Earl Gideon, aliyeshtakiwa katika jimbo la Florida, Marekani, mwaka 1961 kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool. Hakuwa na uwezo wa kumlipa wakili, akaomba apewe mmoja, akakataliwa. Alijitetea mwenyewe, akahukumiwa kifungo cha miaka 5. Akiwa gerezani aliandika ombi lake kwa penseli kwenda Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo, ambayo mwaka 1963 iliamua kwa kauli moja kwamba alistahili wakili. Kesi ikasikilizwa upya mwaka huohuo kwa shtaka lilelile, safari hii kukiwa na wakili wa kuwabana mashahidi, na baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia. Mahakama haikuwa imempa mhalifu mwanya. Ilikuwa imesikiliza upande ambao mara ya kwanza haukuwa na mtu wa kuusemea.

Naelewa hoja ya muda na fedha, na siidharau. Wakalimani ni wachache, mashauri ni mengi, na aliyeibiwa naye anataka jambo lake limalizike. Lakini aliyeibiwa hafaidiki chochote fundi anapofungwa na mwizi akabaki nje. Isitoshe, inawezekana kufanya vizuri hata penye ugumu. Katika kesi ya Nuremberg, nchini Ujerumani, iliyoanza Novemba 1945 dhidi ya viongozi wa utawala wa Nazi, kila neno lilifasiriwa papo kwa papo katika Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijerumani. Taa ya njano ilipowaka msemaji alipaswa kupunguza mwendo, na nyekundu ilipowaka alisimama hadi mkalimani awe tayari. Watu wale walikuwa wakishtakiwa kwa makosa mazito kuliko yote, na bado shughuli nzima ilisimama ili waelewe walichokuwa wakiambiwa. Watatu kati yao waliachiwa huru hukumu ilipotolewa mwaka 1946.

Ninachokiomba kwa wahusika ni kidogo. Mkalimani apewe hati ya mashtaka kabla ya shauri kuitwa, asikutane nayo kizimbani kama nilivyokutana nayo mimi. Asiwe askari aliyepeleleza kesi hiyo. Kumbukumbu zionyeshe lugha iliyotumika na mtu aliyefasiri, na jibu la mshtakiwa liandikwe kwa maneno yake, kwa kuwa "niliipokea" na "niliipokea nikijua imeibwa" si jibu moja. Asiambiwe mkalimani yeyote afupishe.

Na kwa gazeti lako, Mhariri, ninalolisoma kila siku: mwandishi wenu wa mahakamani atakapoleta habari kwamba fulani amekiri kosa, tafadhali mwulizeni shtaka lilisomwa kwa lugha gani, na mshtakiwa alitamka maneno gani hasa, kisha myachapishe maneno hayo.

Wako mtiifu,
Mkalimani wa Mahakamani