Kijana wa kompyuta asilazimishwe kuchagua kati ya chuo na kujifundisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyewashauri wazazi wa hapa Mwanza waache kulipa ada za vyuo vya kompyuta kwa sababu, kwa maneno yake, kila kitu kiko kwenye intaneti. Nina miaka 11 katika kazi ya kuandika programu. Minne ya mwanzo niliifanya nikiwa sina cheti zaidi ya kile cha kidato cha nne, kisha nikaingia chuoni nikiwa na umri wa miaka 26. Njia zote mbili nimezipita, na ushauri ule umenisikitisha kwa sababu naujua ukweli uliomo ndani yake na naijua pia gharama yake.

Ni kweli kwamba mtu anaweza kujifundisha. Mimi nilianza kwa kupakua maelezo ya Python, lugha ya kuandikia programu, mara moja tu, katika duka la intaneti karibu na Makoroboi, nikayahifadhi kwenye flashi na kuyasoma nyumbani Mabatini bila bando, kwenye kompyuta iliyokwisha kutumiwa na wengine. Somo la utangulizi wa sayansi ya kompyuta la Chuo Kikuu cha Harvard liko wazi bila malipo kwa yeyote. Vijana wanaokuja kwangu huwa nawaambia waanze na maandishi kabla ya video, kwa kuwa video humaliza bando kabla mtu hajaelewa sura ya kwanza.

Gharama niliyoitaja niliiona katika mwaka wangu wa tatu. Mama mmoja anayenunua sangara pale Mwaloni Kirumba aliniomba nimtengenezee programu ya hesabu za mizigo. Kila kreti ilipimwa, karani akaingiza uzito wake kwa kilo na sehemu za kumi, na programu ikajumlisha na kulinganisha jumla na uzito ulioandikwa kwenye stakabadhi. Vikilingana, mzigo unafungwa na mvuvi analipwa. Siku nyingi ilifanya kazi vizuri. Siku nyingine mzigo uligoma kufungwa ingawa hesabu ya kalamu ilikuwa sawasawa, na wavuvi waliokesha ziwani wakabaki wamesimama juani wakisubiri fedha zao. Yule mama hakunifokea. Aliniambia tu, "Mwanangu, mizani yangu haijawahi kunidanganya, kaiulize programu yako." Niliisoma mstari kwa mstari kwa wiki mbili bila kuona kosa. Mwishowe nikaweka kitufe cha kulazimisha mzigo ufungwe, jambo ambalo hadi leo linanitia aibu, maana kitufe kile kiliondoa ulinzi wenyewe ambao mama yule alikuwa amenilipa nimwekee.

Jibu nililipata chuoni, katika muhula wa pili. Mhadhiri aliandika ubaoni 0.1 akatutaka tuigeuze iwe namba ya mfumo wa mbili, wenye tarakimu 0 na 1 tu, ambao ndio kompyuta hutumia ndani yake. Tuliandika mpaka ukurasa ukajaa na namba haikuisha, kama vile theluthi moja isivyoisha ukiiandika 0.333. Kompyuta hulazimika kuikata mahali fulani, na tofauti hizo ndogo hujikusanya, kiasi kwamba ukiiambia ianze na sifuri kisha iongeze 0.1 hatua kwa hatua hadi zitimie 0.1 kumi, lugha nyingi za programu, Python ikiwamo, zitakupa 0.9999999999999999 badala ya 1 kamili. Mimi nilikuwa nimehifadhi uzito kwa kilo zenye nukta, wakati nilipaswa kuuhifadhi kwa gramu, yaani namba nzima. Jioni ile ile nilipanda daladala kwenda Kirumba nikarekebisha, na kile kitufe nikakiondoa. Maelezo hayo yalikuwapo kwenye intaneti miaka yote, lakini ili niyatafute ilinibidi kwanza nijue jina la ugonjwa, na hapakuwa na mtu wa kunitajia.

Siandiki haya ili kuvipamba vyuo. Katika darasa langu tulikuwa wengi kuliko kompyuta zilizokuwapo, mtihani wa kuandika programu tuliufanya kwa kalamu kwenye karatasi, na wapo wenzangu waliohitimu bila kuikamilisha hata programu moja ambayo mtu mwingine aliwahi kuitumia. Mzazi aliyeuza ng'ombe Magu au Misungwi ili alipe ada ana haki ya kukasirika akiona hivyo. Nami nakiri kwamba somo lile la 0.1 liliniingia kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuumia. Wengi niliosoma nao walilinakili wakaendelea.

Msomaji wako alimtaja Bill Gates, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Microsoft, aliyeacha Harvard mwaka 1975. Ni kweli aliacha. Lakini alikuwa ameanza kutumia kompyuta mwaka 1968, akiwa na miaka 13, katika shule yake kule Seattle, wakati kompyuta ilikuwa kitu adimu hata vyuoni. Mfano unaotufaa zaidi ni wa Linus Torvalds, ambaye alianza kuandika Linux, programu kuu ya kuendeshea kompyuta, mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki: alikuwa darasani, na kazi yake mwenyewe ilikuwa mkononi.

Lipo pia suala la lugha, ambalo wanaohubiri intaneti hulipita haraka. Mtoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sehemu kubwa sana ya masomo ya bure ya programu iko kwa Kiingereza. Nimewaona vijana wa Igoma na Buhongwa wakikata tamaa, wakaitwa wavivu, kumbe walikuwa wanapambana na mambo mawili kwa wakati mmoja. Chuoni mhadhiri akiona nyuso zimekunjamana hurudia jambo lile lile kwa Kiswahili, na darasa likapumua.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza, namshauri ampe kijana mwaka mmoja wa kujifundisha, akiwa na kazi halisi ya mtu halisi, hata kama ni daftari la duka la jirani, kisha ampeleke chuoni akiwa na maswali yake. Cheti atakihitaji: matangazo ya nafasi za maofisa TEHAMA katika utumishi wa umma hutaja shahada au stashahada, na asiye nayo hafiki hata kwenye usaili.

Hapo ndipo nina ombi kwa wanaosimamia elimu ya ufundi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, kama waashi, maseremala na mafundi magari. Naomba waandishi wa programu wapimwe kwa uzito ule ule, na vyuo vikubali matokeo hayo wakati wa kudahili. Kipimo chenyewe si kigumu kukiandaa: mwombaji apewe kompyuta, programu iliyoandikwa na mtu mwingine yenye kosa lililofichika, na siku nzima ya kulitafuta, kisha akae mbele ya watahini wawili aeleze kwa lugha anayoimudu kosa lilikuwa wapi na kwa nini lilitokea.

Wako mtiifu,
Mwandishi wa programu,
Nyakato, Mwanza.